Januari 1961 Chake Chake iliamuliwa kwa kura moja. Lini tukawa wa upande mmoja?

#1 Mwanachake

Assalamu alaikum jamaa.

Juzi tulikuwa na khitma ya babu hapa Wara, Chake Chake, Pemba. Baada ya kula, wazee wakabaki barazani na kahawa, mazungumzo yakaangukia zama za siasa. Mmoja akasema kwamba uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake, ASP (Afro-Shirazi) walilichukua kwa kura moja. Moja! Nilishalisikia utotoni nikalidhania ngano. Nikaenda kutafuta vitabuni, kumbe kweli. Majimbo yalikuwa 22 Unguja na Pemba: ASP 10, Hizbu (chama cha ZNP) 9, ZPPP (chama cha Zanzibar na Pemba) 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili wakaifuata Hizbu, mmoja akaifuata ASP. Ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika, na Juni watu wakarudi kupiga kura upya.

Kwa hivyo mji huu wetu mdogo uliwahi kugawika katikati kama nazi. Chake niliyokulia mimi siyo hiyo. 1995 CUF, chama cha upinzani, ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba. 2005 na 2010, yote 18. Nilipokuwa skuli, mtoto akisema kwao wanaichagua CCM, darasa zima liligeuka kumtazama.

Ninachouliza ni hiki: mji uliokuwa nusu kwa nusu ulihamia lini upande mmoja, na nini kiliuhamisha? Tusirushiane matusi ya vyama, hayo tunayapata kwengine. Nataka sababu, na mwenye kisa cha nyumbani kwao akisimulie.

Babu yangu, Mungu amrehemu, akisema ile kura moja aliipiga yeye.

#2 KarafuuMbichi

Waalaikumu salaam. Babu yako, na ami yangu wa Msingini, na marehemu fundi cherehani aliyekuwa karibu na soko. Mimi peke yangu nimeshawajua wazee watano wa Chake walioipiga kura hiyo hiyo moja.

Jawabu langu ni fupi: karafuu. Mtu wa Pemba anapigia kura mkarafuu wake. Kabla ya Mapinduzi mwenye shamba alikuwa na pa kulalamikia. Baadaye ikawa mnunuzi ni mmoja tu, Shirika la Biashara, ZSTC, tangu 1968. Wewe unapanda mtini, wanawake wanachambua makonyo usiku kucha, unaanika siku nne tano ukiomba mvua isije, unabeba gunia lako unapeleka, unaambiwa bei. Bei ya dunia inapaa na wewe unapewa kijisehemu. Baba yangu alikuwa na mikarafuu thelathini na kitu, na watoto wake tulivaa viatu siku ya Idi. Mtu wa namna hiyo humfundishi siasa, ameshajifunza kwenye mizani.

#3 Mwalimu_Mstaafu

Mleta mada, ahsante. Umeuliza swali zuri, ila tuanze nyuma kidogo.

Mwaka 1957, uchaguzi wa kwanza, Pemba haikuwa ya ASP wala ya Hizbu. Viti viwili vya Pemba walivichukua watu wa Jumuiya ya Washirazi, Mohammed Shamte na Ali Sharif. Baadaye wakaingia ASP, halafu mwishoni mwa 1959 Shamte, Ali Sharif na Ameir Tajo wa Makunduchi wakatoka wakaunda ZPPP. Kwa hivyo kundi la tatu lilikuwepo tangu mwanzo: Mpemba aliyejiona Mshirazi, mwenye mikarafuu yake, ambaye hakutaka kuambiwa yeye ni wa Bara wala wa Arabuni. Kura ya Chake 1961 ilikuwa ya makundi matatu. Wachukuzi, vibarua na wachumaji waliotoka Bara na Unguja wakaja wakaoa hapa, wengi wao ASP. Wenye maduka na mashamba makubwa, Hizbu. Na huyo wa katikati, ambaye kila chama kilimbembeleza.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalifanyika Unguja. Pemba yalifika na boti. Yaliyofuata, wazee wa rika langu hawahitaji kuambiwa: watu wazima kuchapwa viboko hadharani mbele ya watoto wao, foleni za mchele wakati wa njaa ya 1971 na 1972. Na waliochapwa hawakuwa Hizbu peke yao. Hata waliopigia ASP walionja. Pale ndipo wa katikati na baadhi ya ASP walipogeuka, kimya kimya, maana hapakuwa na uchaguzi wa vyama wa kuonyesha. Vyama viliporudi 1992, kura ilikuwa imeshapigwa moyoni miaka ishirini nyuma.

#4 Mtoto_wa_Kusini

Mie wa Makunduchi, Unguja. Nawasoma kwa makini.

Huku kwetu ni hivyo hivyo ila rangi nyengine: kijani ya CCM tangu bibi zetu. Na sisi pia ni Washirazi, Wahadimu, na huyo Ameir Tajo uliyemtaja Mwalimu ni wa kwetu. Alitoka ASP kwenda ZPPP. Sasa nambie, kama Ushirazi ndio uliowapeleka Wapemba kule, kwa nini haukutupeleka na sisi?

Jawabu la wazee wa kwetu ni ardhi. Wahadimu walisukumwa kutoka ardhi nzuri ya magharibi ya Unguja ilipopandwa mikarafuu ya wakubwa, wakabakiwa na maweni, jiwe na kichaka. Mtu analima muhogo kwenye shimo la jiwe na akipanda kilima anaiona ardhi ya babu yake ina mikarafuu ya mwengine. Mapinduzi yalipokuja yakatoa eka tatu tatu, huku yalisikika kama adhana. Pemba sidhani kama yalisikika vile.

#5 KarafuuMbichi

Hapo umenena, Mtoto wa Kusini. Pemba Mwarabu akimpa Mpemba kipande apande miche, na ikishakua wanagawana miti nusu kwa nusu. Halafu wanaoana. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu ni Pemba, ikiwa mikononi mwa wengi wenye miti kumi, ishirini. Eka tatu ungempa nani, na ungezitoa kwa nani? Wengine waliona wananyang'anywa.

#6 Mpemba_Kariakoo

Mnazunguka mbali mno. Jina ni moja: Maalim Seif. Mtoto wa Mtambwe Nyali, Waziri Kiongozi 1984 mpaka 1988, akafukuzwa CCM pamoja na wenzake sita, akawekwa ndani 1989 mpaka 1991. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka siku alipokuja Chake baada ya kutoka. Watu waliacha maduka wazi. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuzungumza siasa, alivaa kanga mpya. Angekuwa katika chama cha mpira, tungekuwa wote wachezaji.

Ushahidi ninao: 2019, baada ya hukumu ya mahakama juu ya mgogoro wa uongozi wa CUF, alisema shusha tanga, pandisha tanga. Ndani ya siku chache matawi ya Pemba yamepakwa rangi mpya ya chama cha ACT. Chama cha karibu miaka thelathini kiliachwa kwa neno la mtu mmoja.

#7 NgalawaYaWesha

#6 ndugu yangu, mapenzi kwa Maalim sote tunayo, lakini hoja ya mtoto wa nyumbani haisimami peke yake. Dk. Shein ni wa Chokocho, Mkoani, Mpemba kamili. 2010 akagombea urais kwa CCM akashinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1, na humu kisiwani mwake majimbo yote 18 yakaenda CUF. Marehemu Dk. Omar Ali Juma, Waziri Kiongozi kisha Makamu wa Rais wa Muungano, amezikwa Wawi hapo, na mazishi yake 2001 watu walilia kweli. Kura hawakukipa chama chake. Basi kuzaliwa Pemba hakutoshi.

Na 1985? Idris Abdul Wakil aligombea peke yake, ndiyo au hapana, akapata kama asilimia 58 tu Zanzibar nzima, kwa sababu hapana zilijaa Pemba. CUF ilikuwa haijazaliwa. Mwalimu kasema kweli hapo juu: kitu kilikuwepo kabla ya Maalim, yeye alikipa sauti.

#8 Mpemba_Kariakoo

1985 hizo hapana zilikuwa kwa sababu watu walimtaka Seif awe Rais! Umenisaidia hoja yangu bila kujua.

#9 NgalawaYaWesha

Haya, hilo nakupa. Nusu.

#10 BibiNaMjukuu

Shikamooni wakubwa. Bibi yangu yuko hai, yuko Chake hapa hapa, macho tu ndiyo yamepungua. Anasema yeye alipiga kura 1957, akavaa buibui jipya, foleni ya wanawake mbali na ya wanaume. Nimuulize nini?

#11 Mwalimu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Msalimie bibi. Ila 1957 wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, na hata wanaume si wote, palikuwa na masharti ya umri, mali na kusoma. Wanawake walianza Januari 1961. Basi bibi yako alikuwa katika uchaguzi ule ule wa kura moja. Muulize taratibu, usimkosoe mwaka. Muulize nani alimwambia aende, na nyumbani nani alipigia nani.

#12 Hesabu_Kwanza

Naomba niweke jambo ambalo naona linatupotosha tangu #1.

Kwanza, jimbo si mji. Jimbo la Chake Chake la 1961 lilikuwa kubwa, na vijiji vyake. Leo wilaya ya Chake peke yake ina majimbo kadhaa, yakiwemo Chake Chake, Wawi, Ole, Chonga. Mnalinganisha sinia na kijiko.

Pili, majimbo yote 21 hayana maana ya watu wote. Kila jimbo anachukua anayeongoza, aliyeshindwa anahesabika kama hayupo. Katika kila uchaguzi wa vyama vingi, CCM ilipata kura Pemba. Chache, lakini zina majina na nyumba. Na 1963 ndiyo mfano wa wazi zaidi: ASP walipata asilimia 54 ya kura zote za Zanzibar, lakini Hizbu na ZPPP wakapata viti 18 kwa 13, wakaunda serikali. Tukihesabu viti tu, tunaona nchi mbili zilizokatwa kwa kisu. Tukihesabu kura, tunaona majirani waliochanganyika.

Kwa hiyo huenda Chake haikuhama yote. Huenda nusu moja ilinyamaza.

#13 BintiMachomane

Nimesoma neno la mwisho la #12 nikashindwa kuendelea na kazi. Sijawahi kuandika hili popote.

Baba yangu alikuwa CCM, Machomane. Alikuwa ASP tangu kijana, alikuwa mchukuzi wa magunia, baba yake alikuja kuchuma karafuu hakurudi kwao. Hakuwa kiongozi, hakuwahi kupewa cheo wala kiwanja. Alikuwa na kibanda cha duka: sukari, sabuni, mafuta ya taa, biskuti za kuuza mojamoja. Baada ya uchaguzi wa 1995 hakuja mtu dukani. Hapakuwa na ugomvi wala tusi. Watu wanapita, wanatazama upande wa pili. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja akatumwa sukari, nikamuona anakwenda duka la mbali kwenye jua, anapita mbele ya mlango wetu kichwa kimeinama. Biskuti ziliota ukungu tukazila sisi.

Kisimani mama alikuwa anasubiri wote wamalize. Harusi hatukualikwa. Nyanya yangu mzaa baba alipofariki, wakaja watu wanane. Wanane kubeba na kuzika. Katika mji ambao hata mgeni asiyejulikana huzikwa na safu tatu za watu. Baba alichimba kaburi la mama yake kwa mkono wake.

Baba hakubadilisha chama. Nilimwuliza nikiwa mkubwa, kwa nini? Akasema, "Mwanangu, wangenishawishi kwa maneno ningewasikiliza."

Ndiyo maana nikiulizwa lini Chake ilikuwa ya upande mmoja, ninasema haikuwa. Sisi tulikuwepo.

#14 Mwanachake

Dada, Mwenyezi Mungu awarehemu nyanya na baba. Mimi ni wa rika lako, na huenda nilipita mbele ya duka hilo. Ahsante kwa kutuandikia.

#15 KarafuuMbichi

BintiMachomane, mimi si wa Machomane na mazishi hayo sikuyajua. Lakini mwaka huo huo niligoma kwenda mazishi ya jirani yetu kwa sababu mwanawe alikuwa CCM. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tuliona tunafanya jambo la haki. Tuliona kura imeibwa, asilimia 50.2 kwa 49.8, na tusiokuwa na bunduki wala mahakama tumebakiwa na silaha moja, kumpa mtu mgongo. Na wazee wetu nao walitusimulia kwamba zama za siasa kabla ya Mapinduzi ilikuwa hivyo: kususiana maduka, mabasi, talaka kwa sababu ya chama. Tulirithi namna ya kugombana kabla ya kurithi sababu.

Jirani yule alikuwa ananipa maembe nikitoka chuoni. Samahani siwezi kumpa tena. Nakuomba wewe uipokee.

#16 BintiMachomane

Nimeipokea. Na mimi sikusema hayo ili kuonyesha upande mmoja una makosa. Najua ya Januari 2001. Najua watu zaidi ya 30 walikufa siku zile za maandamano, na wengi walikimbilia Shimoni, Kenya. Baba alificha vijana wawili wa CUF chumbani kwetu usiku ule, mmoja wao alikuwa mtoto wa nyumba iliyokuwa hainunui kwetu. Hilo nalo lilitokea Machomane.

#17 Mtoto_wa_Kusini

Subhanallah.

Kwetu kinyume chake. Kulikuwa na mwalimu wangu wa hesabu, Mpemba, aliyejulikana ni CUF. Hakuna aliyemgusa, lakini mtu akipita karibu naye anakohoa kwanza, ili waliokaa barazani wabadilishe mazungumzo. Miaka sita tulimkohoa. Sherehe ya Mwaka Kogwa wote tunakwenda kupigana kwa migomba na kula pamoja, yeye anakaa ndani. Aliomba uhamisho. Sijui leo yuko wapi.

Basi narekebisha kidogo ile hoja yangu ya ardhi. Ardhi inaeleza babu. Mjukuu anaelezwa na baraza anayokaa.

#18 Kijana_wa_Gombani

Wazee wangu shikamooni. Mimi nimezaliwa 2003. Naomba niseme la rika letu.

Ninyi mnazungumza ASP na Hizbu kama ni jana. Kwetu hayo ni mtihani wa historia. Niliposikia kura ya kwanza nyumbani ilikuwa 2015, nilikuwa na miaka 12, tunasikiliza redio, wakasema uchaguzi wa Zanzibar umefutwa. Machi 2016 ukarudiwa, CUF wakasusia, mitaa ya Chake kimya kama siku ya kupatwa kwa jua. Ndiyo funzo letu la kwanza la siasa: kwamba kura inaweza kupigwa na ikawa haipo.

Sasa wenzangu wamegawika. Wako wanaosema wataendelea na ACT kwa sababu ndiyo ya nyumbani. Wako wanaosema barabara ya Chake kwenda Mkoani inajengwa, kiwanda cha mwani Chamanangwe, tumpe aliyeko tuone. Na wako wengi, wengi kweli, hawataki hata kujiandikisha. Ukitangaza mkutano Tibirinzi na mchezo wa ng'ombe Pujini siku moja, mkutano utabaki na viti.

#19 NgalawaYaWesha

Hata zamani mchezo wa ng'ombe ulishinda mkutano! Tofauti ni kwamba sisi tulikwenda kote kuwili.

Ulipogusa barabara umenikumbusha umeme. Unguja wameunganishwa na waya wa baharini tangu 1980. Sisi mpaka 2010 tulikuwa tunategemea jenereta za Wesha, na mimi nilikaa karibu nazo, nazijua kwa mngurumo. Zikinyamaza, mji unazimika na friji za samaki zinaanza kunuka. Miaka 30 mtu anatazama ng'ambo kunawaka. Mnatafuta sababu kwenye nasaba na kumbe nyengine iko kwenye swichi ya ukutani.

#20 KarafuuMbichi

Lakini waya wa umeme kutoka Tanga ulifika Juni 2010 na Oktoba watu wakapiga kura ile ile. Na karafuu yangu pia, nakiri: 2011 bei ikapandishwa ikafika shilingi 15,000 kwa kilo, watu wakajenga nyumba za matofali, wakanunua bodaboda, na 2015 tukaenda kituoni na moyo ule ule. Kwa hiyo mizani yangu ya #2 haielezi yote. Inaeleza ilikoanzia.

Pujini au Chwale, Kijana? Mchezo wa maana ni Chwale.

#21 Kijana_wa_Gombani

Mzee, Pujini. Chwale ng'ombe wao wanakimbia watu.

#22 Mpemba_Kariakoo

Hamjagusa nani anaingia kwenye daftari. Mimi ni Mpemba, mama yangu yuko Chake, nina chumba changu pale. Lakini sheria inataka uwe umekaa jimboni miezi 36 mfululizo, na bila kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi huandikwi, na kwenye njia ya kitambulisho yupo sheha, mkuu wa shehia. Sheha mmoja aliniambia mbele ya watu, "Wewe nakujua, lakini sikujui." Nilirudi Dar na kijasho.

Wapemba wangapi tuko Kariakoo, Mombasa, Unguja mjini, Oman? Huwezi kusema Chake imegeuka au haijageuka bila kuuliza Chake gani, iliyomo daftarini au iliyomo kwenye boti.

#23 Mtoto_wa_Kusini

Huo muda wa makaazi wenyewe una sababu yake, Mpemba. Bila huo, magari na maboti yangeleta watu siku ya kura kutoka popote, na kila chama kimemlaumu mwenzake kuleta mamluki. Ila maneno ya sheha huyo si haki, hayo sikubali.

#24 Hesabu_Kwanza

Nafuata #22. Ndiyo maana matokeo ya 2016 na 2020 mimi siyatumii kupima moyo wa mji. 2016 upande mmoja haukushiriki na mshindi akapata asilimia 91. 2020 CCM ikatangazwa kuchukua sehemu kubwa ya majimbo ya Pemba, mahali ambapo miaka kumi nyuma haikupata hata moja. Ama watu waligeuka kwa makumi ya maelfu ndani ya miaka michache, ama hesabu inapima kitu kingine. Mniambie ninyi mlioko vituoni. Halafu Konde 2021: Julai CCM ikatangazwa mshindi wa ubunge, aliyeshinda akajiuzulu kabla ya kuapishwa, Oktoba ukarudiwa, ACT ikachukua. Jimbo lile lile, watu wale wale, miezi mitatu.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kura ya maoni ya 31 Julai 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66 walisema ndiyo, na Pemba ndiyo ilifurika. Hapo hapakuwa na mgombea wala bendera ya kugombea.

#25 Mwalimu_Mstaafu

Usisahau 2003, Hesabu. Uchaguzi mdogo Pemba, wagombea wa CUF wakaenguliwa katika majimbo sita. Watu hawakubaki nyumbani. Walikwenda, wakapanga foleni, wakaharibu karatasi makusudi. Zikaitwa kura za maruhani. Nilikuwa kituoni wakati wa kuhesabu, karatasi baada ya karatasi imechorwa msalaba mkubwa kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha daftari. Mji usiokuwa na mgombea ulipiga kura hivyo hivyo. Mwenye nadharia ya kwamba tunafuata mtu tu, aieleze ile.

#26 Mpemba_Kariakoo

Waliambiwa waharibu, Mwalimu. Na aliyewaambia ni nani?

#27 Mwalimu_Mstaafu

Waliambiwa, kweli. Mimi pia niliwaambia wanafunzi wangu miaka 34 wasichelewe.

#28 Mwanachake

Jamaa, nina habari, na imenichoma kidogo.

Leo nimekwenda kwa shangazi yangu Vitongoji kumuuliza juu ya babu na kura yake. Amecheka mpaka akashika mbavu. Januari 1961 babu hakuwepo Pemba. Alikuwa Mombasa, kuli bandarini, akarudi mwaka uliofuata. Shangazi anasema aliyekuwa kwenye foleni siku hiyo ni bibi, mkewe, akiwa na mimba ya ami yangu mkubwa. Na babu alipokuwa anasimulia barazani, bibi alikuwa ndani anasikia, hakumsahihisha hata siku moja.

Bibi alifariki 1998. Miaka yote hiyo nilimuuliza babu. Yeye sikuwahi kumuuliza, wala sikuwahi kujua kwamba ana la kuulizwa. BibiNaMjukuu, wako yupo. Kaa naye.

#29 BibiNaMjukuu

Nimekaa naye leo baada ya Alasiri. Nimeandika hivi hivi alivyosema.

Alikwenda na mama yake na mashoga zake watatu, rafiki zake wanawake, wametoka alfajiri, wamefunga mikate ya kumimina kwenye kitambaa. Mume wake, yaani babu, alikuwa Hizbu na alimpa amri ampigie nani. Mama yake alikuwa anampenda Ali Sharif na naye akampa amri yake njiani. Msimamizi akampa karatasi. Anasema ndani hapakuwa na mume wala mama, na ilikuwa mara ya kwanza kusimama mahali peke yake bila mtu wa kumwangalia, akakaa sana mpaka wakamgongea.

Nikamuuliza, bibi, ulimpigia nani? Akaniambia nimfungulie dirisha, joto. Nikamfungulia. Nikauliza tena. Akasema babu yako alifariki hajui, na wewe utangojea.

Nitarudi kwake Ijumaa. Mwalimu, nimuulize nini tena?

#30 Mwalimu_Mstaafu

Muulize hao mashoga watatu ni wa nyumba zipi, na kama baada ya siku ile waliendelea kuazimana chumvi.